Kijana Anayevaa Lenzi za Usiku: Jinsi ya Kujua Kama Jicho Bado Linarefuka

Kijana wa kidato cha pili anayevua lenzi zake alfajiri, kisha akasoma ubao kutoka dawati la nyuma bila miwani, humfanya mzazi aamini kwamba tatizo limekwisha. Imani hiyo ndiyo inayowafanya wengi wasirudi kupima. Lenzi ngumu zinazovaliwa wakati wa kulala hufanya kazi mbili, na ya kwanza inaweza kufanikiwa kabisa huku ya pili ikishindwa pasipo dalili yoyote. Kwanza hubadili umbo la konea, ambayo wengi huiita kioo cha jicho, ili kijana aone mbali mchana kutwa. Pili, hupunguza kasi ya jicho kurefuka, na kurefuka huko ndiyo miopia yenyewe, yaani tatizo la kutoona mbali. Kazi ya kwanza kijana huiona kila asubuhi; ya pili haionekani ila kwa kipimo. Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi wa Tabora ambaye kijana wake amepimwa na kupewa lenzi hizi mbali na nyumbani, na ambaye ndiye atakayekuwa msimamizi wa mambo yote katika miezi iliyopo kati ya safari moja na nyingine.

Kinachotokea ndani ya jicho

Jicho la mtu mzima asiye na tatizo la kuona mbali lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka konea hadi retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Katika miopia jicho limerefuka kupita uwezo wa konea na lenzi ya asili kuukusanya mwanga mahali panapostahili, hivyo taswira ya kitu cha mbali huangukia mbele ya retina na kuonekana na ukungu. Kila milimita moja inayozidi huongeza miopia kwa takriban dayopta 2.5 hadi 3; dayopta ndicho kipimo cha namba ya miwani. Kwa hesabu hiyo, ongezeko la milimita 0.3 kwa mwaka, ambalo kwa macho ya kawaida ni kama unene wa kucha, linakaribia dayopta nzima. Namba ya miwani inapovuka dayopta 6, huongezeka hatari ya retina kuchomoka, ya presha ya macho na ya kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina. Hatari hizo haziondolewi na miwani wala na upasuaji wa leza, kwa sababu jicho lenyewe hubaki refu vilevile.

Lenzi ya usiku imekunjwa upande wake wa ndani kwa namna ya pekee: katikati ni bapa kuliko konea, na kuizunguka sehemu hiyo kuna mkunjo mkali zaidi. Kijana anapolala, shinikizo la machozi yaliyo chini ya lenzi hulifanya tabaka la juu la konea kuwa jembamba katikati na nene kidogo katika pete inayoizunguka. Asubuhi, mwanga unaopita katikati huangukia retina sawasawa, ilhali ule unaopita kwenye pete hukusanyika mbele ya retina ya pembeni. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba ukungu huo wa pembeni ndio unaoliarifu jicho lisiendelee kukua. Katika utafiti wa Hong Kong ujulikanao kama ROMIO, uliochapishwa 2012 na uliohusisha watoto wa miaka 6 hadi 10, macho ya waliovaa lenzi za usiku yalirefuka kwa wastani wa milimita 0.36 katika miaka miwili, na ya waliovaa miwani ya kawaida kwa milimita 0.63. Upungufu huo ni wa asilimia 43. Mzazi asome takwimu hiyo pande zote mbili: jicho lilikwenda polepole zaidi, lakini liliendelea kwenda, na kwa kuwa huo ni wastani, wako watoto ambao lenzi ziliwasaidia sana na wako ambao ziliwasaidia kidogo.

Tofauti kati ya watoto hao ina sababu, na baadhi yake mzazi anaweza kuzigusa.

Umri, urithi na mboni

Umri ndilo jambo lenye uzito kuliko yote. Katika utafiti huohuo wa ROMIO, miongoni mwa watoto wa miaka 7 na 8 waliovaa miwani, asilimia 65 waliongezeka zaidi ya dayopta moja kwa mwaka, lakini miongoni mwa wa miaka 9 na 10 walikuwa asilimia 13 tu. Maana yake kwa familia ni kwamba miopia iliyoanza mapema ni ya kuogopwa zaidi, hata kama namba ya leo ni ndogo. Kijana wa miaka 13 ambaye alianza kuvaa miwani akiwa darasa la pili si sawa na mwenzake wa umri uleule aliyeanza mwaka jana, ijapokuwa wote wawili leo wana dayopta 3.

Kwa upande wa pili, umri mkubwa si kinga kamili. Katika utafiti wa Marekani uitwao COMET, uliowafuata watoto kwa miaka mingi, karibu nusu walikuwa wametulia walipofika miaka 15, na takriban asilimia 77 walipofika miaka 18. Kwa hiyo karibu robo walikuwa bado wanaongezeka katika umri ambao hapa kwetu kijana anamaliza kidato cha nne na kuelekea kidato cha tano. Mzazi anayesema kwamba mtoto amekwisha kuwa mkubwa, sasa macho yametulia, anakisia.

Urithi nao una nafasi yake: mtoto ambaye baba na mama wote hawaoni mbali huwa katika hatari zaidi kuliko yule mwenye mzazi mmoja wa namna hiyo. Ukubwa wa mboni pia umeonekana kuleta tofauti, kwa kuwa mboni pana huruhusu mwanga mwingi zaidi kupita kwenye ile pete, na hivyo ujumbe wa pembeni huifikia retina kwa nguvu. Hakuna la kufanya juu ya mambo haya isipokuwa kumweleza mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho, ukweli wote siku ya kwanza, ikiwamo umri halisi ambao mtoto alianza kusogea karibu na ubao au kukunja macho akitazama mbali.

Liko jambo moja lililo mikononi mwa mtaalamu ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza, nalo ni upana wa sehemu bapa ya katikati ya lenzi. Lenzi zenye sehemu hiyo ya milimita 5 zimeonekana katika utafiti kupunguza kurefuka kwa jicho kuliko zenye milimita 6, kwa kuwa huisogeza pete karibu zaidi na mboni. Si kila jicho linafaa lenzi ya namna hiyo, lakini swali lenyewe halina ubaya wowote na jibu lake litamwonyesha mzazi kama anayemhudumia kijana anafikiria kasi ya miopia au anafikiria kuona vizuri tu.

Kupima urefu, na si kusoma herufi pekee

Hapa ndipo pa kutumia akili na fedha. Ubao wa herufi hauwezi kusema kama miopia imeongezeka, kwa kuwa lenzi zimekwisha kuificha. Hata mashine ya kupima namba ya miwani hudanganyika, maana inapima konea iliyobanwa usiku. Kipimo kinachosema kweli ni urefu wa jicho kwa milimita, na kipimo hicho kina masharti yake.

Sharti la kwanza ni kuwa na kipimo cha mwanzo, kilichochukuliwa kabla ya kijana kulala na lenzi hata usiku mmoja. Sharti la pili ni kupima tena baada ya mwezi mmoja hivi, kwa sababu konea iliyopungua unene katikati hufanya jicho lionekane fupi kwa kiasi kidogo sana. Asiyelijua hilo anaweza kufurahia kwamba jicho limefupika. Baada ya hapo kipimo kirudiwe kila miezi sita. Kwa kijana asiye na miopia, jicho hukua kwa milimita 0.1 kwa mwaka au pungufu anapoingia umri wa kubalehe. Kijana mwenye lenzi anayebaki karibu na kiwango hicho anakwenda vizuri. Anayepata milimita 0.3 kwa mwaka, ilhali anasoma herufi zote kwenye ubao, anahitaji mabadiliko, si pongezi.

Sharti la tatu, la kupimwa kwa mashine inayofaa na ileile kila mara, ndilo gumu kwa mtu wa mikoa yetu. Hospitali zinazofanya upasuaji wa mtoto wa jicho hupima urefu wa jicho ili kujua nguvu ya lenzi bandia ya kuweka, kwa hiyo chombo cha kupimia huenda kipo karibu kuliko mzazi anavyodhani, na inafaa aanze kwa kuuliza katika kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Lakini aulize swali la pili: je, mashine hiyo hugusa jicho na kutumia mawimbi ya sauti, au hutumia mwanga bila kugusa? Ya mawimbi inatosha kwa mgonjwa wa mtoto wa jicho, ila inaweza kutofautiana kwa milimita 0.1 kati ya kipimo na kipimo, na kwa kijana wetu kosa la kiasi hicho ni ukuaji wa mwaka mzima. Ya mwanga ni sahihi zaidi kwa mbali. Vyovyote iwavyo, mashine isibadilishwe kila mara. Kipimo cha Tabora kwa mashine moja kisilinganishwe na cha Dar es Salaam kwa mashine nyingine kana kwamba ni kitu kimoja.

Mzazi anunue daftari dogo, aandike tarehe, urefu wa jicho la kulia na la kushoto, aina ya mashine, na jina la kliniki. Makaratasi ya hospitali hupotea. Daftari lililowekwa pamoja na cheti cha kuzaliwa halipotei kirahisi.

Usiku wa bweni

Lenzi hizi zinahitaji takriban saa nane za usingizi. Shule nyingi za bweni hazitoi saa nane. Kijana anayetoka kujisomea saa 4 usiku, akaosha mikono, akavaa lenzi, akalala saa 5, kisha kengele ikamwamsha saa 11 alfajiri, amelala saa sita. Konea haitakuwa imebanwa vya kutosha, na ikifika jioni ukungu huanza kurudi. Kijana huona kwamba lenzi hazifai, huanza kuziruka usiku mmoja, kisha miwili, na kwa kuwa athari ya lenzi huisha yenyewe ndani ya siku au wiki chache, kinga dhidi ya miopia huisha pamoja nayo. Usiku unaorukwa mara kwa mara ni miongoni mwa sababu za kushindwa ambazo kliniki haizioni, kwa kuwa kijana anapoulizwa hujibu kwamba anavaa kila siku.

Inafaa mzazi aende shuleni mwenyewe mwanzoni mwa muhula, azungumze na matroni au patroni, amwombe kijana aruhusiwe kulala mapema kidogo kuliko wenzake, na apatiwe mahali safi penye taa na kioo. Ampatie pia miwani ya akiba, kwa ajili ya siku ambayo lenzi hazikuvaliwa. Ikiwa shule haiwezi kuruhusu lolote kati ya hayo, mimi ningeshauri lenzi zisubiri mpaka kijana atakapokuwa wa kutwa, na kwa sasa avae miwani. Miwani inayovaliwa kila siku ni bora kuliko lenzi zinazovaliwa kwa kubahatisha kwa mikono ambayo haikuoshwa.

Safari ya usiku, iwe kwa treni ya kwenda Kigoma au kwa basi, si mahali pa kuvalia lenzi. Usiku mmoja ukipotea haudhuru kitu. Kidole kilichoshika vyuma vya behewa kikaingia jichoni hudhuru.

Maji

Jambo hili nalikawilia kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloweza kumpotezea kijana jicho. Lenzi, kikopo chake na kile kifyonzi kidogo cha mpira cha kutolea lenzi havipaswi kuguswa na maji ya aina yoyote: si ya bomba, si ya kisima, si ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, si ya ziwa, wala si yale yaliyochemshwa yakawekwa kwenye chupa safi. Katika maji kunaishi viumbe vidogo viitwavyo akantamiba, ambavyo hujifunika gamba gumu na kustahimili hali nyingi. Vikiingia chini ya lenzi iliyolala juu ya jicho usiku kucha, husababisha kidonda cha konea kinachouma mno na ambacho matibabu yake huchukua miezi. Bakteria nao hufanya vivyo hivyo, tena kwa siku chache. Makadirio ya utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2013 yalikuwa takriban visa 14 vya maambukizi ya konea kwa kila watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizi kwa mwaka. Ni wachache, lakini makadirio hayo yametoka mahali ambapo dawa ya kuoshea lenzi hupatikana kirahisi.

Basi mikono ioshwe kwa sabuni na maji, ikaushwe kabisa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, ndipo lenzi iguswe. Lenzi isuguliwe na kusuuzwa kwa dawa yake tu, na dawa ya jana iliyobaki kikoponi imwagwe, isiongezewe mpya juu yake. Kikopo kibadilishwe kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi. Dawa ya aina ya peroksaidi isitiwe jichoni kamwe kabla haijamaliza muda wake wa kutulia, kwa sababu huunguza. Mzazi ahakikishe kuna dawa ya akiba ya miezi miwili nyumbani, kwa maana duka la dawa la mtaani halina sababu ya kuiweka, na ikiisha katikati ya muhula kijana atajaribiwa kutumia maji. Ikiisha, lenzi zivuliwe na zisivaliwe mpaka nyingine ipatikane.

Kijana wa Ujiji au Kigoma mjini anayependa kuogelea katika Ziwa Tanganyika ana nafuu moja: lenzi zake ziko kikoponi mchana kutwa. Aogelee apendavyo, ila asizivae jioni hiyo ikiwa macho yamekuwa mekundu.

Asubuhi lenzi ikinata, isikwanyuliwe. Yadondoshwe machozi ya bandia yasiyo na rangi, kijana apepese macho kwa dakika kadhaa, kisha ausukume taratibu ukingo wa kope ya chini hadi lenzi itembee yenyewe. Jicho likiuma, likiwa jekundu, likichukia mwanga au likiona ukungu, lenzi isivaliwe na kijana apelekwe kwenye kliniki ya macho siku hiyohiyo, akiwa ameichukua lenzi na kikopo chake. Asitiwe dawa ya kienyeji wala matone yaliyonunuliwa bila kupimwa, hasa yale yenye steroidi, ambayo hupunguza wekundu huku yakikiacha kidonda kikizama.

Mwanga wa nje na vitabu

Muda wa kukaa nje mchana huwakinga watoto wasipate miopia. Huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kwa siku zilipata wagonjwa wapya asilimia 30.4 katika miaka mitatu, na zisizoongeza asilimia 39.5. Kwa kijana ambaye tayari ana miopia ushahidi ni dhaifu zaidi, lakini kwa kuwa gharama yake ni bure, sioni sababu ya kuacha kulenga saa mbili kwa siku. Si lazima ziwe za juani. Hata kivuli cha mwembe kina mwanga mara nyingi zaidi ya darasa. Magharibi ya nchi jua huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam, na Kigoma saa 12 na nusu jioni bado ni mchana, kwa hiyo kijana anayetoka shuleni alasiri bado ana nafasi.

Katika kusoma, mkazo uwe kwenye umbali na mapumziko kuliko jumla ya saa. Kitabu au simu ikae zaidi ya sentimita 30 kutoka machoni, na kila baada ya nusu saa kijana ainue macho atazame mbali. Umeme ukikatika, kibatari kimoja mezani humlazimisha kusogeza daftari hadi puani. Taa nzuri ya sola ni sehemu ya tiba.

Kuongeza dawa, na kuacha lenzi

Kipimo kikionyesha kwamba jicho bado linakimbia licha ya uvaaji mzuri, mtaalamu anaweza kuongeza matone ya atropini yenye nguvu ndogo sana kila usiku. Katika utafiti wa Hong Kong wa miaka miwili, watoto waliotumia lenzi pamoja na atropini ya asilimia 0.01 walirefuka milimita 0.17, na wa lenzi pekee milimita 0.34. Atropini iliyopo katika kliniki nyingi ni ya asilimia 1, yaani kali mara mia. Mzazi asiifanye nyembamba mwenyewe kwa maji wala kwa kitu kingine.

Kuacha nako kuna wakati wake. Watafiti wa Hong Kong walipowaachisha watoto lenzi katika miaka 14 au chini yake, macho yao yalirefuka upesi kuliko ya waliokuwa wakivaa miwani muda wote. Kwa hiyo familia inayofikiria kuacha kwa sababu ya gharama au kuhama shule izungumze na mtaalamu kabla, si baada. Ikilazimu, kijana apewe miwani mara moja, akiwa na miwani ya muda katika wiki za kwanza ambapo konea inarudi kwenye umbo lake na namba inabadilika karibu kila siku, kisha apimwe namba ya kudumu konea ikishatulia. Urefu wa jicho uandikwe daftarini siku ya kuacha, tena baada ya miezi mitatu, na tena baada ya miezi sita.